Habari Niliyokuficha kwenye Foni

Yaya Faustin, kaka mkubwa niliyepewa na kazi,

Nimefika kwako hatimaye, na sasa nakuandikia nimesharudi Bunia. Ulikuwa unanialika tangu siku za amani, na kila mara nilikuwa na sababu: mvua, lori, mke kajifungua, patroni mwenye mashine kakataa. Njia ya kutoka Bunia hadi Fataki imefunguka tena, nikapanda juu ya magunia ya maharage bila kumuaga mtu yeyote isipokuwa mke wangu. Mama Vero, yule muuza chai wa jirani yako, alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa kliniki, akanizungusha nyuma ya kibanda chako cha foni ya redio. Hapo ndipo tulipokutana kwa mara ya kwanza, wewe chini ya udongo na mimi nimesimama na mfuko wa sukari niliokuletea.

Nilikuwa sijui hata sura yako. Kwa sauti ile nilikuwa nimejitengenezea mtu mrefu, mnene, mwenye shingo ya ng'ombe. Mama Vero akanionyesha koti lako, ulilovuliwa kabla ya kuzikwa na ambalo bado linaning'inia kwenye msumari, na nikaona lingemkaa vizuri kijana wangu wa kwanza ambaye bado yuko shule ya msingi. Nilicheka, Yaya. Nilicheka mbele ya kaburi lako mpaka Mama Vero akadhani nimepatwa na kitu, halafu kicheko kikageuka, na yeye akaniacha nilie.

Watoto wangu wameshazoea simu za mkono, hawaelewi tulikuwa tunafanya kazi gani. Nawaambia: zamani hizi za juzi, mtu wa Bunia aliyetaka kusema na mtu wa Fataki alikuja kwenye kibanda changu, penye redio, betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya mti. Mimi nilimwita Yaya Faustin kule Fataki. Yeye alituma mtu kumwita ndugu anayetafutwa. Wakikaa wote wawili, huyu kwangu na yule kwake, wanaongea kwa zamu, ukimaliza unasema à vous ili mwenzako aanze, na ukimaliza kabisa unasema terminé. Na siye wenye mashine tulibaki palepale tukisikia yote: nani amezaa, nani ameoa bila kutoa mahari, nani amekufa. Wanangu wananiuliza kama hatukuona haya. Tulizoea.

Kuhusu waliokufa, wewe ndiwe uliyenifundisha. Juma langu la kwanza kazini, mwanamke mmoja kule kwako alimtafuta kaka yake aliyekuwa Bunia, nami nilikuwa nimeshasikia kwamba kaka amefariki, nikamwambia hivyo hivyo, moja kwa moja. Nilisikia kiti kikianguka. Baadaye ulinirudia hewani, hukupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ulisema, "Mudogo, siye hatutupe maiti mu masikio ya mutu. Kwanza unamuuliza: uko na nani apo? Kama iko peke yake, unamungoja. Arudi na mutu wake, wakae chini wawili, ndio unasema." Tangu siku hiyo nilifanya hivyo, na waendeshaji wengine wote wa njia yetu walifanya hivyo, kuanzia Bambu hadi Mahagi. Watu wakajua. Ukimuuliza mteja yuko na nani, mwenyewe anakwenda kumtafuta shangazi au jirani, anarudi, anakaa, anafunga kitenge vizuri, ndipo anasikia.

Halafu kulikuwa na ile dakika yetu wenyewe. Wateja wakiisha asubuhi, tulibaki hewani. Uliniambia unapika nini, na siku zote ilikuwa viazi. Nilikuambia oa, na wewe ulisema mwanamke gani atakubali kuishi na mashine inayolia kama mbuzi. Mke wangu alifikiri nina mwanamke Fataki kwa jinsi nilivyokuwa nikirudi nyumbani nikicheka, mpaka siku moja nikamleta kibandani akusikie, ukamsalimia kwa adabu, "Shemegi, muangalie uyu mutoto, hakulake muzuri." Akarudi nyumbani ametulia. Nasema haya kwa sababu nataka ujue kwamba nayakumbuka. Ulipokufa huenda ulikuwa unadhani nimeyasahau.

Vita ilipoingia, kila kitu kikawa cha mtu mmoja. Kwangu tulikuwa wawili, mimi na yule fundi wa betri. Patroni akamwachisha, akasema wateja wamepungua na kidole kimoja kinatosha kubonyeza. Nilimjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, akaniambia basi na mimi naweza kwenda kutafuta kidole kingine. Hatukuwa na mkataba, Yaya, wewe wajua. Mkataba wetu ulikuwa mdomo wake. Nikabaki peke yangu na redio, mlango nimeurudisha nusu, nikisikiliza risasi za upande wa Mudzipela ili nijue kama nitarudi nyumbani kwa njia ya juu au ya chini.

Kwako ilikuwa mbaya zaidi. Mji ulikimbia ukabaki wewe. Patroni alikutumia neno kupitia kwangu, na ni mimi niliyelisoma hewani: anayeacha mashine ameacha kazi. Wenye bunduki nao walikuacha kwa sababu walihitaji foni. Ukawa unakaa pale, unalala palepale, hakuna hata mtu wa kumtuma kumwita mteja, maana wateja wenyewe walikuwa maporini. Mama Vero anasema yeye alikuwa anatoka porini asubuhi moja moja kuja kuangalia nyumba yake, na wewe ulikuwa ukimsimamisha barabarani na kumwuliza habari za mahindi, za mbuzi, za chochote, ili asiende haraka.

Nikawa mimi ndiye mtu wako. Naona leo. Wakati ule niliona tu kwamba unaongea mno.

Mama yako alikuwa amekimbilia huku Bunia, akapewa chumba Nyakasanza kwa mjane mmoja wa parokia. Uliniomba nimwangalie, na hilo nililifanya, siwezi kujinyima hata hilo. Kila Jumapili nilipita kwake. Majirani zangu waliniuliza kwa nini naingia nyumba ya watu wale, na unajua maana ya "watu wale" mwaka ule, watu wako na watu wangu walipokuwa wakiuana. Nilisema ni mama wa mfanyakazi mwenzangu. Naye mama alinipa maneno ya kukuletea, marefu kuliko waya wa antena: usile viazi vya jana, usivae koti lenye unyevu, usigombane na askari. Kila asubuhi uliuliza, "Mama ameamuka?" nami nilikujibu ameamka, nikakupa maneno yake, nawe ukacheka.

Kisha akaugua tumbo, akafa.

Nilikwenda kibandani kesho yake nikiwa nimejiandaa. Nilikuita, ukaitika. Nikakuuliza kama ulivyonifundisha, lakini kwa mzunguko, nikasema, leo kwako kuna nani? Ukasema, "Apa? Apa iko miye na panya." Ukaendelea, "Mama ameamuka?"

Nikasema, "Anakusalimia."

Yaya, mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Nilikuwa nimeamka na nia safi. Niliona mtu peke yake katika mji usio na watu, na wewe mwenyewe ulinikataza kutupa maiti masikioni mwa mtu kama huyo. Nikajiambia, nangoja. Kesho atapita mtu kwake, padri, mkulima, yeyote, nitamwomba akae naye nami nitasema. Lakini kesho ulikuwa peke yako, na kesho kutwa pia.

Mke wangu nilimwambia sababu nyingine: kwamba ukisikia utaanza safari kuja kumlilia, na njia ile ilikuwa inameza watu. Ni kweli, ungekuja. Na mama mwenyewe aliogopa hivyo hivyo, nitakueleza chini. Lakini sio ukweli wote, na barua hii haina maana kama sitakupa ukweli wote. Juma lilelile alikuja kibandani afisa mmoja wa wenye bunduki walioushika mji wakati ule, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka bunduki magotini, akasema anajua waendeshaji wa foni wanauza habari kwa adui, na kwamba yeye haoni kwa nini mtu wa huku anacheka kila asubuhi na mtu wa kule. Patroni naye akanionya: kazi ni mashine, urafiki nenda ukafanye kwenye pombe. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa kupoteza uhai, na nilikuwa siwezi tena kuongea na wewe dakika mbili bila kusikia mwenyewe ninavyodanganya. Nikakata yale mazungumzo yetu. Mteja akiisha, terminé. Ukiniuliza habari, ni nzuri, terminé. Na moyoni, nisikufiche, nilisikia nafuu. Afisa alikuwa amenipa kisingizio nilichokuwa nakitafuta.

Ulianza kuita bila wateja. Nilisikia wito wako nikiwa nimekaa hapo, sina kazi yoyote, mikono iko magotini, na sikuitika. Siku nyingine niliitika. Ulikuwa unakohoa. Kikohozi kilikuwa kinaingia katikati ya maneno, unaachia kitufe, unarudi, unaomba radhi. Zamani ningekupigia kelele uende zahanati, ningekuletea mke wangu akugombeze, ningemtafuta dereva yeyote wa kupeleka dawa. Nilisema nimepokea vizuri, terminé. Ulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kukuambia wewe ni mgonjwa, na mtu huyo alikuwa anaogopa benchi.

Mwisho wa kila mazungumzo ulianza pia kuniuliza, "Mudogo, uko na mutu apo?" Nilijua swali lile ni la nini, maana ni lako. Nilihisi una habari mbaya ya kunipa na sikutaka kuibeba. Nikajibu niko peke yangu, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikakata. Ukasema tu, "Aya, bado."

Halafu asubuhi moja nikakuita kwa ajili ya mteja, hukuitika. Nikakuita mchana. Kesho yake, saa ya kufungua, ikaja sauti ya mwanamke, mbali na redio, kama anayeongea na kisima. Hakujua kuachia kitufe, maneno yakaja nusu nusu. Alikuwa Mama Vero. Alikuwa amekuangalia ukifanya kazi, akajaribu. Akasema, "Weye wa Bunia, unanisikia? Uko na nani apo?"

Kibandani hapakuwa na mtu. Benchi lilikuwa tupu, barabara ilikuwa tupu. Nikamjibu niko na watu, tumekaa. Ndipo akaniambia amekukuta sakafuni karibu na mashine, na koti umelivaa, na kwamba anakwenda kutafuta wanaume porini waje wachimbe. Akasema à vous. Nilikuwa navuta benchi tupu karibu na redio, akarudia à vous, à vous, kama anayebembeleza mtoto anywe dawa.

Nilifungua mlango nikakaa nje. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ningekuwa na yule fundi wa betri angalau angenipa maji.

Tangu hapo mengi yamebadilika na mengine sivyo. Minara ya simu imesimama, watu wanatembea barabarani wakiongea na mikono yao. Foni imebaki kwa vijiji ambako mnara haufiki. Patroni alitaka nifungue kibanda kingine Bambu kwa wachimba dhahabu, mimi peke yangu, na safari hii nikamwambia sifanyi kazi tena bila mtu wa pili kwenye benchi. Alidhani natania. Nilikaa nyumbani mpaka mke wangu akaanza kuhesabu unga, na bado nikakataa. Mwishowe patroni akakubali kumleta Sifa, binti mmoja mwenye kelele anayekosoa kila ninachofanya na anayekula karanga juu ya redio. Ananichosha. Siku akichelewa siwashi mashine.

Lakini nilikuja Fataki nikiwa na jiwe hili lote tumboni. Nilitaka kuomba radhi kwa udongo kwa sababu ulikufa hujui kama mama yako yupo au hayupo. Nilimwambia Mama Vero hivyo, tukiwa tumekaa kibandani kwako, chai mkononi. Akaweka kikombe chini.

"Faustin alijua," akasema. "Mutu wa kinga alipita na baskeli yake ya samaki, akamuambia mama amezikwa kule Nyakasanza. Ilikuwa mbele ya kufa kwake, mbele sana. Alilia apa apa, miye niko naye."

Nikahesabu kichwani. Ulijua wakati nasema anakusalimia mara ya pili na ya tatu. Kila asubuhi uliyoniuliza kama mama ameamka, ulikuwa unanifungulia mlango niseme, nami naufunga.

Nikamwuliza Mama Vero, kama alijua, kwa nini hakunitukana? Kwa nini hakuniambia najua, acha uongo? Akasema hata yeye alikuuliza hilo, na wewe ukamjibu, "Yule mutoto iko peke yake mu kibanda. Nikimuambia najua, atalia na nani? Acha, nitangoja siku iko na mutu."

Yaya, ungenitukana. Tusi lingekuwa rahisi kulibeba. Nilikuwa nimekaa huku nangoja upate mtu, nawe umekaa kule unangoja nipate mtu, na katikati vilima vile vyote, na wewe unakohoa. Lakini sitaki kutusawazisha. Wewe ulingoja kwa upendo. Mimi nusu nilingoja kwa upendo na nusu kwa woga, na kila mwenye masikio angesikia tofauti hewani. Wewe ulikuwa na masikio kuliko watu wote. Umesamehe, najua, maana hiyo ndiyo ilikuwa tabia yako. Mimi bado sijafika huko, na sijui kama nataka kufika haraka.

Kitu kimoja tu naona kimebaki. Mwenye samaki alikuambia amezikwa. Hakukuambia zaidi, kwa sababu hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na hakuna mtu mwingine aliye hai anayeweza kukupa habari hii, kwa sababu yule mjane naye amekwenda. Kwa hiyo nimemwomba Sifa aje akae hapa karibu nami ninapoandika. Amekaa. Ameacha karanga. Mama Vero nimempa fedha ya lori ili kesho kutwa aje aichukue barua hii, na atakapokusomea atakaa chini kando yako, hatasimama.

Mama amefariki, Yaya Faustin. Alikufa Jumapili asubuhi, kabla ya misa ya pili, na mimi nilikuwa nimefika na chupa ya uji ambao hakuunywa. Hakuwa peke yake. Mjane alikuwa amemshika kichwa na mimi nilikuwa miguuni. Maumivu yalikuwa yamemwacha tangu alfajiri, alikuwa anaongea vizuri, akauliza kama nimetoka kwako. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuita. Akasema, "Muambie asikuye kunizika. Njia iko mubaya. Akae apo apo, alie, halafu akule." Akasema tena kwamba ulizaliwa mdogo kama kuku na watu walisema hutapona, na yeye akakubeba kifuani mpaka mvua zikaisha, na kwamba sauti ndiyo iliyokua kwanza. Akacheka kidogo kwa hilo. Kisha akanyamaza, na tukadhani amesinzia.

Wanawake wa parokia walimwogesha. Walimvalisha kitenge cha bluu, kile alichokimbia nacho. Tulikuwa wachache kwa sababu risasi zilikuwa zinalia upande wa uwanja wa ndege, lakini waliimba, hawakunong'ona, waliimba. Nilishika upande mmoja wa jeneza, mbele, mahali pa mtoto wa kiume. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa watu gani. Amelala mwisho wa safu, karibu na ukuta, jua la asubuhi linamfikia.

Hiyo ndiyo habari. Ilikuwa yako tangu siku ile, nikaikalia.

Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, nitakwenda na jembe kwenye kaburi la mama, kisha nitapanda lori nije kwako, na kila mmoja nitampa habari za mwenzake, nzuri kwa mbaya, bila kuzungusha. Majani hayatawafunika nikiwa na mikono. Lia sasa, Yaya, Mama Vero yuko hapo nawe. Halafu lala.

Mudogo wako wa Bunia